Presha ya Kawaida

Saa kumi na mbili na robo asubuhi fundi alikuwa ameshakagua malori tisa na bado kumi na mawili. Kwa kila lori alifanya vilevile: anafungua boneti, anaingiza mkono mpaka kwenye mpira mnene wa juu, ule unaotoa maji ya moto kwenye injini kuyapeleka kwenye rejeta yakapoe, anaubonyeza kwa vidole vinne. Injini ikiwa imelala usiku kucha, mpira hutakiwa kuwa laini. Ukibonyea, anapiga tiki kwenye daftari la ukaguzi na kwenda kwa jingine. Wa lori la tisa ulikuwa mgumu, kama ulivyokuwa wa la tatu. Aliweka alama ya mkasi mbele ya namba yake, ingawa alijua hakuna mtu atakayeisoma.

Madereva walimwita Geji, kama kile kipimo cha presha chenye mshale. Walimpa jina hilo kwa kejeli miaka kumi na moja iliyopita, alipoingia pale yadi akiwa mwanamke pekee mwenye ovaroli, kwa sababu hakukubali maneno matupu. Dereva akimwambia injini inachemka, yeye huuliza imechemka kwenye mshale wa ngapi, ikiwa na mzigo gani, baada ya kilomita ngapi. Kejeli ilikwisha, jina likabaki. Hata mume wake, aliyekuwa mlinzi wa getini palepale, alimwita hivyo wakiwa kazini.

Lori la kumi na nne halikuhitaji kukaguliwa. Lilikuwa kwenye kona, karibu na lundo la matairi yaliyokwisha, boneti juu, siku ya nane hiyo. Dereva wake, mtu mzima ambaye yadi nzima ilimwita Mjomba, alikuwa hospitali, bandeji kuanzia paji la uso mpaka kifuani. Injini ilimchemkia mlimani akiwa na shehena ya saruji. Alisimama, akazima, akasubiri, kisha akafungua kifuniko cha rejeta ili aongeze maji. Maji yakamrukia.

Geji alikuwa chini ya boneti ya lori la kumi aliposikia viatu vya mume wake kwenye kokoto.

"Meneja kaja mapema," mume wake alisema. "Anakutaka ofisini. Mtu wa bima anakuja saa nne." Alitazama nyuma, akashusha sauti. "Mama watoto, leo usianze mambo yako ya namba. Akikwambia saini, saini."

"Wewe umeshaambiwa nitasaini nini?"

"Kaniambia tu nikwambie."

"Kakwambia kwa kuwa wewe mlinzi, au kwa kuwa wewe mume wangu?"

"Kwa kuwa wote tunakula hapahapa," alijibu, akarudi getini.

Ofisi ya meneja ilikuwa kontena la zamani lililotobolewa dirisha, lenye kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo. Kiti chake bado kilikuwa na nailoni za dukani. Hakumkaribisha kukaa. Alisukuma karatasi moja mezani, imeshachapwa.

"Soma, kisha saini pale nilipoweka alama."

Geji alijifuta mikono kwenye ovaroli, akaishika karatasi pembeni asiichafue. *Mimi, fundi mkuu wa karakana, nathibitisha kwamba siku ya tukio mfumo wa kupoza injini wa lori namba kumi na nne ulikuwa na presha ya kawaida, yaani* — hapo palikuwa na vitone vya kujaza. *Dereva alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, kinyume na maelekezo ya usalama.*

"Fundi mkuu," Geji alisema. "Tangu lini?"

"Tangu leo."

"Nimekiomba hicho cheo mara nne."

"Umekipata. Jaza hiyo namba, saini, twende tukafanye kazi."

"Namba gani?"

"Presha. Si wewe ndiye unayejua? Weka hiyo ya kawaida."

Geji aliirudisha karatasi mezani. "Bosi, wiki tatu nyuma niliandika kwenye daftari la karakana kwamba la kumi na nne gasketi ya hedi imekufa."

"Daftari gani?"

"Lile jeusi."

"Lile lilijaa. Limekwenda makao makuu."

"Lilikuwa halijafika nusu."

Meneja aliegemea kiti mpaka nailoni zikalia. "Tuseme uliandika. Kile kifuniko kigumu, nani alikifunga?"

Geji ndiye aliyekifunga. Gasketi ni bati jembamba linalobanwa kati ya bloku ya injini na hedi, kichwa chake, kazi yake kuzuia moto wa silinda usikutane na maji. Ikifa, kila injini inapopiga, moshi wa silinda unapenya na kuingia kwenye maji, na presha inajaa kwenye rejeta mpaka kifuniko kinazidiwa na maji yanamwagika. Kuibadilisha ni kufungua injini, lori lilale karakana wiki nzima. Meneja alisema hakuna lori litakalolala kwa ajili ya kibati. Kama maji yanamwagika kifunikoni, kitafutwe kifuniko kisichomwaga. Geji alibishana naye mbele ya watu, asubuhi nzima. Mchana stoo wakamletea kifuniko kipya, akakifunga. Kisha akamwambia Mjomba maneno ambayo fundi yeyote humwambia dereva yeyote: ikichemka, zima, subiri nusu saa ndipo ufungue. Maneno ya injini nzima. Alimwambia mtu aliyekuwa anaendesha injini mbovu, na alijua ni mbovu.

"Ulikifunga wewe," meneja alisema. "Kwa hiyo hii karatasi inakulinda wewe kuliko mtu mwingine yeyote. Mimi nimekaa kuiandika kwa ajili yako. Na mwenzako pale getini, mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu. Huu unakwisha mwisho wa mwezi."

"Nitasaini mbele ya mtu wa bima," alisema Geji.

"Hapohapo. Mbele yake. Na usije na huo uso."

Saa tatu mke wa Mjomba alifika getini. Geji alimwona kutoka karakana, mwanamke mfupi mwenye mfuko wa hospitali mkononi, amesimama kwenye nondo za geti, na upande wa ndani mume wa Geji akitikisa kichwa. Aliweka spana chini, akaenda.

"Nimekatazwa kumfungulia," mume wake alisema kabla hajaulizwa.

"Sijakwambia umfungulie. Nipishe niongee naye."

Mlinzi akasogea hatua tatu, akageukia barabara.

"Wewe ndiye Geji?" mwanamke aliuliza.

"Ndiye. Pole dada. Anaendeleaje?"

"Usinipe pole. Wewe ndiye uliyefunga hicho kifuniko?"

"Ndiye mimi."

Mwanamke alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa amejiandaa kubishiwa na sasa hana la kufanya na matusi aliyokuja nayo. Akatoa simu kwenye mfuko. Kioo chake kilikuwa na ufa katikati. Alibonyeza, akaipitisha kwenye nondo.

"Soma hapo. Siku ile, saa nane mchana."

Geji alisoma. Simu iliyopigwa, jina la Mjomba, dakika thelathini na nane.

"Wanasema hakusubiri," mwanamke alisema. "Wametuma mtu hospitali kumwambia kwamba hakusubiri. Midomo haifunguki, anaambiwa atie dole gumba. Mimi ndiye niliyempigia. Nilikuwa na kifurushi kinakwisha siku ile, tukasema tukimalize. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha trela, tunaongea habari za paa la jikoni, kwamba bati moja limeoza. Akasema, injini imetulia sasa, ngoja niongeze maji, usikate." Aliichukua simu yake. "Sikukata."

Kutoka barabarani mlio wa pikipiki ulipita, ukaisha.

"Nilisikia kila kitu," mwanamke alisema. "Sasa wewe fundi nieleze. Mtu amesubiri dakika thelathini na nane. Yalimrukiaje?"

Geji alimweleza. Alimweleza kama anavyowaeleza madereva, bila kuzunguka: presha ya maji huja na moto na kuondoka na moto, ile ya Mjomba haikuwa ya maji peke yake, ulikuwa moshi uliofungiwa ndani, na moshi hauna habari na kusubiri. Injini nzima, baada ya muda ule, ingetoa mvuke kidogo tu na maji yangebaki mahali pake.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua gasketi imekufa. Hili la kusubiri sikulifikiria mpaka lilipotokea."

"Hukulifikiria." Mwanamke alishika nondo. Kucha zake zilikuwa zimekatwa fupi sana, kama za mtu anayeosha vidonda. "Sikuja kukusamehe. Nimekuja kwa sababu leo wanaandika. Hayo uliyoniambia mimi hapa, kawaambie wao. Mimi nitasimama hapa hapa mpaka mmalize."

Mkaguzi wa bima alifika saa tano kasoro, bila kuomba radhi. Alikuwa kijana mwenye viatu vya turubai vyeupe, akiruka madimbwi ya oili kama anavuka mto. Meneja alitembea ubavuni mwake amebeba ile karatasi kwenye faili. Watu wa karakana, yule wa matairi na mchomeleaji, walijisogeza karibu kidogo, kila mmoja akijifanya anatafuta kitu.

"Wewe ndiye fundi, mama? Presha ya kawaida ya hii gari ni ngapi?"

"Ya wakati gani?"

Mkaguzi aliinua macho. "Nimeuliza presha."

"Ndiyo. Injini ikiwa imelala, ni sifuri. Ikifanya kazi maji yanapata moto, yanatanuka, presha inapanda mpaka kumi na tano kwenye geji. Hapo kifuniko kinapumua, haizidi. Ukizima, maji yanavyopoa na yenyewe inashuka mpaka sifuri tena. Hiyo ndiyo kawaida. Inapanda na inashuka."

"Kwa hiyo kumi na tano," mkaguzi alisema akiandika.

"Ukiandika kumi na tano peke yake hujaandika kitu."

"Bwana mkaguzi," meneja alicheka, "fundi wetu ana maneno, lakini kazi anaijua. Maelezo yake haya hapa, ni saini tu."

"Dereva alisubiri dakika thelathini na nane," Geji alisema. "Mke wake alikuwa naye kwenye simu. Yuko getini, simu inaonyesha."

"Simu haipimi joto la injini, mama."

"Haipimi. Geji inapima. Hili lori limekaa siku nane, limepoa kuliko maji ya mtungini. Tuliwashe. Kama ni zima, mshale hautasogea mpaka maji yapate moto, na maji ya injini kubwa hivi hayapati moto chini ya dakika kumi. Kama gasketi imekufa, mshale utapanda injini ikiwa baridi. Nipe dakika mbili."

Kalamu ya mkaguzi ilikuwa imesimama. Kwa mara ya kwanza alionekana anasikiliza, na Geji akafurahi. Furaha ile alijilaumu kwayo baadaye.

"Halina betri," meneja alisema.

Kweli halikuwa nayo. Ilitolewa juzi, na hakuna aliyesema ilitolewa kwa nini.

"Nitatoa ya la ishirini. Liko kwenye magogo, linasubiri gia boksi."

"Nani atakubebea?"

Geji aliwatazama wale wawili. Mtu wa matairi aliinama kufunga kamba ya kiatu. Mchomeleaji alikumbuka kitu nyuma ya karakana. Akachukua toroli mwenyewe. Betri za malori ni nzito, na la ishirini betri yake ilikuwa imekaa ndani ya fremu. Ilimbidi aiburute kwa magoti mpaka ikadondokea kwenye toroli. Alirudi anatoka jasho, mkaguzi akitazama saa, meneja akiongea na simu kwa sauti ya chini mgongo ukiwa umegeuka. Alifunga betri. Alijaza rejeta kwa ndoo mbili za maji ya bomba. Kisha akaenda kwenye begi lake na kurudi na geji ya shaba na kioo, ukubwa wa kiganja kimoja, akaikaza kwenye mdomo wa rejeta pale kifuniko kinapokaa.

"Weka mkono hapa," alimwambia mkaguzi.

"Kwenye rejeta?"

"Hapo. Uache."

Mkaguzi alitazama kiganja chake, akakiweka. Geji alipanda, akawasha. Lori lilikohoa moshi mweusi, likatikisika, likashika. Akashuka haraka.

"Baridi?"

"Baridi."

Mshale ulikuwa kwenye tano. Ndani ya rejeta kulikuwa na sauti ya kububujika, kama sufuria iliyo jikoni, na rejeta yenyewe ilikuwa baridi vilevile.

"Bado baridi?"

"Bado."

Kumi. Kumi na tatu. Dakika moja haikuwa imekwisha vizuri mshale ulipovuka kumi na tano na kuendelea. Kwenye ishirini Geji aliruka juu akazima. Mtu wa matairi alikuwa amesahau kamba ya kiatu na amesogea kabisa.

"Sasa tazama," Geji alisema. "Injini imezimwa. Maji hayakupata moto. Subiri hata unavyotaka."

Walisubiri dakika tatu kwa saa ya mkaguzi. Mshale ulibaki palepale, kwenye ishirini, kama umepigiliwa.

"Hiki ndicho alichofungua Mjomba. Na kumi na tano isingewezekana, kwa sababu kifuniko kilichokuwepo ni hiki." Alikitoa juu ya fenda, akakigeuza. Namba ilikuwa imechongwa kwenye bati: ishirini na mbili.

"Badala ya kumi na tano," mkaguzi alisema.

"Badala ya kumi na tano."

"Nani alikifunga?"

"Mimi."

"Kwa agizo la nani?"

"La meneja. Huyu hapa."

Meneja hakukasirika. Alitabasamu, karibu kwa huruma. "Kuna maandishi?"

"Yalikuwepo. Kwenye daftari jeusi."

"Bwana mkaguzi, umeona maandishi?"

"Mimi naandika kilichopo," mkaguzi alisema, akaweka faili juu ya fenda na kuandika. Aliandika kwa muda mrefu, herufi ndogo zilizonyooka. Alipomaliza alisoma kwa sauti, kwa kuwa utaratibu ulimtaka asome. Gari halikuwa katika hali salama. Mfumo wa kupoza ulibadilishwa na fundi wa mwajiri kinyume na maelekezo ya mtengenezaji. Kwa masharti ya kipengele cha kumi na moja, madai hayalipiki.

"Hayalipiki kwa nani?" Geji aliuliza.

"Kwa yeyote. Bima haihusiki na gari lililoharibiwa na wenyewe."

"Na kama ningesaini ile karatasi ya asubuhi?"

"Ingekuwa uzembe wa dereva. Kipengele cha tisa." Alifunga kalamu. "Napo hayalipiki."

Geji alimtazama kama anatazama injini asiyoijua. "Basi ongeza kwamba dereva alisubiri."

"Fomu haina sehemu hiyo."

"Kuna malori mengine mawili yana kifuniko kama hiki. La tatu na la tisa. La tisa linapakiwa sasa hivi."

"Hayo hayamo kwenye madai haya, mama," mkaguzi alisema, na kuanza kuruka madimbwi kurudi alikotoka.

Meneja alingoja mpaka gari la mkaguzi lilipotoka. "Umesikia mwenyewe. Fundi wa mwajiri. Kaandika mtu wa bima, sikuandika mimi. Hospitali wakija, ndugu zake wakija, mahakama ikija, nitawaonyesha hiyo. Chukua vitu vyako."

"Mshahara wa mwezi huu—"

"Ungesaini, ungekuwa fundi mkuu," alisema meneja.

Kila mfanyakazi aliyetoka yadi ile alikaguliwa begi, na aliyekagua ni mlinzi. Kwa miaka minne mke na mume walikuwa wametoka pamoja jioni, na begi la Geji lilikuwa halijawahi kufunguliwa. Leo meneja alimsindikiza mpaka getini, akasimama, mikono mfukoni.

"Kagua."

Mume wake aliliweka begi kwenye meza ya kibanda. Alitoa kopo la chakula, tupu. Fulana. Sabuni ya unga kwenye karatasi. Miwani ya kusomea aliyoifunga waya kwenye sikio moja. Geji alitazama vidole vyake vikifanya kazi, akageuza macho ili asimwongezee aibu. Mwisho ikatoka geji.

"Hiyo ni ya karakana," meneja alisema.

"Ni yake," mlinzi alisema.

"Nani kasema?"

"Aliinunua mwaka ule tunapata mtoto wa pili. Tuligombana juu yake wiki nzima. Ni yake."

"Iache hapo."

Mlinzi aliishika geji kwa mikono miwili. Alimtazama meneja, akamtazama mke wake. Kisha akaiweka mezani, akaanza kurudisha vile vingine ndani ya begi, kimoja kimoja, na fulana akaikunja upya. Meneja alichukua geji, akaitia mfukoni, akarudi kwenye kontena lake.

"Nitachelewa leo," mume wake alisema. "Wa zamu ya usiku haji."

"Sawa, baba," Geji alisema, akalivaa begi.

Mke wa Mjomba alikuwa palepale, nje ya nondo, kivuli kikiwa kimemhama. Alisubiri aambiwe.

"Nimesema kila kitu," Geji alisema. "Nimewasha na wameona. Hawalipi."

"Ungesaini wangelipa?"

"Wasingelipa pia."

"Kwa hiyo umenisaidia nini?"

Mwanamke alifungua mfuko wake. Akatafuta ndani, akatoa kadi ya hospitali, akaigeuza upande mweupe, akatoa na kalamu.

"Niandikie. Yale ya asubuhi. Wewe ndiye uliyefunga, na nani alikwambia, na kwamba mume wangu alisubiri. Kwa mkono wako, na jina lako lile la kwenye kitambulisho, si hilo la madereva."

"Unajua nikiandika wanaweza kunishtaki mimi peke yangu?"

"Najua."

Geji aliegemeza kadi kwenye nguzo ya geti, akaandika. Nafasi ilikuwa ndogo na mambo mengi. Ilibidi amalizie pembeni, kwa herufi zilizobanana. Mwanamke alisoma yote, midomo ikitembea, akaitia kadi ndani ya kifuko cha simu, akaondoka bila kuaga, kwa mwendo wa mtu mwenye mahali pa kwenda.

Ndipo lori la tisa lilipokuja kutoka kwenye upakiaji, limejaa, nyuma yake la tatu na mengine mawili. Dereva wa la tisa aliwahi kufundisha shule ya msingi na bado walimwita Mwalimu. Geji alisimama mbele ya bampa. Mwalimu alipiga breki, akatoa kichwa.

"Geji, toka, nina mzigo."

"Una kifuniko kama cha Mjomba. Na gasketi yako ni ileile."

"Nimesikia. Yadi nzima imesikia."

"Usitoke na hili gari."

"Nikikataa, kuna watu wanakisubiri hiki kiti tangu mwaka jana." Hakuwa anabishana, alisema kama anavyotaja namba ya lori lake. Mlinzi alikuwa ameshika kamba ya kizuizi cha getini na hakuwa ameipandisha. Nyuma lori la tatu lilipiga honi, na mlango wa kontena ukafunguliwa. Meneja alitokeza kichwa.

"Mlinzi. Pandisha."

Kizuizi kilipanda, polepole. Geji alitoka mbele ya bampa akaja mpaka chini ya dirisha.

"Mwalimu, nisikilize. Ikichemka, zima, shuka, kaa mbali. Usifungue kile kifuniko."

"Nikisubiri saa nzima?"

"Usifungue hata ukisubiri mpaka giza liingie. Hilo halisubiriwi. Piga simu, aje mtu mwenye vifaa."

"Nimpigie nani?" Mwalimu aliuliza. "Nina namba ya karakana, na karakana ni wewe."

Geji alitazama ule upande wa yadi ambako mtu wa matairi alikuwa anasukuma toroli tupu kuirudisha mahali pake.

"Nipigie mimi. Andika."

Mwalimu hakuwa na karatasi. Aliandika kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi, tarakimu kumi, akazisoma kwa sauti kuhakikisha, akatia gia. Lori lilipita, zito, likamwachia joto lake usoni.

La tatu likaja, likapunguza mwendo bila kusimamishwa. Kioo kikashuka.

"Na mimi nipe hiyo namba," dereva alisema.

Akampa. La nyuma yake halikuwa na kifuniko kibovu wala gasketi mbovu, lakini nalo likasimama, na meneja sasa alikuwa ametoka kabisa nje ya kontena, anakuja kwa hatua ndefu, anasema kitu ambacho injini zilikimeza. Mlinzi alikuwa bado ameshika kamba, kizuizi kiko juu. Geji alikuwa ameanza kutaja namba tena, taratibu, tarakimu moja moja.